Naomba ushauri: mabaki ya sabuni yanapasuka wanafunzi wakichonga

Habari za majukumu, walimu wenzangu na mafundi.

Mimi ni mwalimu wa sanaa, sekondari, huku Tukuyu. Kidato cha pili wanajifunza kuchonga kwa sabuni ya mche kabla sijawapa mti. Sabuni ni laini, kisu cha mezani kinatosha, na aliyekosea hajapoteza gogo. Tatizo ni bei. Mche mzima hatuumudu kila wiki, na nusu yake huishia kuwa maranda chini ya dawati. Naumia kuyafagia.

Nimekusanya kama kilo nne, pamoja na vipande vya mabafuni bwenini. Nimeyakwangua kwa kikwangulio cha karoti, nikaongeza maji kidogo, nikayeyusha kwenye sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, nikamimina kwenye pakiti za maziwa. Hayakuyeyuka yakawa maji, yalibaki kama uji mzito wenye mabonge. Baada ya wiki mbili juu palikuwa pagumu, ndani bado panabonyea. Binti mmoja alikuwa anachonga kobe, akafika shingoni, kichwa kikakatika kwenye ufa. Alinyamaza kimya kipindi kizima.

Mvua na ubaridi wa huku mnaujua, kukausha ni kazi.

Naombeni mnisaidie mawili. Kilo moja ya maranda inataka maji kiasi gani ili isinywee na kupasuka? Na je, niache kabisa moto, niyaloweshe kidogo tu na kuyashindilia kwa mkono?

Asanteni sana.