Jina la tawi alama 87! Huu ni utaratibu au adhabu?

Wakuu, salamu ndefu leo hapana, urefu nimeshaupata wa kutosha kazini.

Kiongozi wa timu yetu ameamuru kila tawi kwenye Git (mfumo wa kutunza msimbo wa programu; tawi ni njia ya pembeni ya kufanyia kazi moja) lianze na aina ya kazi, kisha timu, kisha kundi, kisha maelezo kamili, namba ya tiketi (kazi iliyosajiliwa) ndiyo ije mwisho kabisa. La kwangu la wiki hii hili hapa:

`kipengele/timu-ya-malipo/marekebisho/kurejesha-fedha-za-mteja-aliyelipa-mara-mbili-4471`

Nimehesabu. Babu yangu na ukoo wake wote hawafiki hapo.

Na msije na "si ubonyeze Tab". Nabonyeza! Inajaza mpaka `mteja-aliye` halafu inagoma, maana mwenzangu ana la kwake la `mteja-aliyefuta-oda-4472`. Kinachoyatofautisha kiko mkiani, na ukifungua orodha kwenye kivinjari mkia wenyewe umekatwa, zimebaki nukta tatu. Unachagua kwa kubahatisha.

Juzi ndiyo nilifika mwisho. Mfumo wetu hutengeneza anwani ya majaribio kutokana na jina la tawi. Mikwaju (`/`) inageuzwa vistari, na kwa kuwa kipande kimoja cha jina kwenye DNS (mfumo wa majina ya anwani za mtandaoni) hakiruhusiwi kuzidi alama 63, kinachozidi kinakatwa. Hesabuni wenyewe: la kwangu linaishia `mteja-a`. La mwenzangu? `mteja-a`. Anwani moja! Kila akipushi, yaani akituma kazi kwenye seva, kazi yake inaikalia ya kwangu. Dada wa majaribio amenirudishia tiketi mara tatu, "kaka, mteja bado hajarudishiwa hela yake", na mimi naapa nimesharekebisha. Nimetoka ofisini saa mbili usiku.

Ujanja ninao, msidhani sina. `git switch -` inanirudisha kwenye tawi nililotoka, na `git push -u origin HEAD` inapushi bila kuandika hilo gazeti. Ila hapo nimeokoa vidole tu, anwani bado zinagongana.

Mimi naomba `4471-rejesha-mara-mbili`, basi. Namba mbele, stori nzima si iko kwenye tiketi? Nikamwambia, akanijibu "jina lazima lijieleze lenyewe". Linajieleza kwa nani, bosi, na halisomeki?

Kesho saa nne asubuhi tuna kikao. Aliyewahi kumgeuza bosi wa aina hii aniambie alianzia wapi, kabla sijaenda kumjibu vibaya.