Tupeane uzoefu: pesa ulitia kwa kilimo cha kisasa, ilirudi?

Wa_Bahati: Leo nimepita kwa jirani nikaona wanasimamisha grinihausi mpya, roho ikanidunda. Yangu ilikuwa mita 8 kwa 15, mkopo wa chama, dripu, tangi, kila kitu. Nyanya zikapanda hadi kwa waya na nishaelewana bei na mama mmoja wa soko pale Nakuru. Jumatatu mmea mmoja ukalegea mchana, jioni ukaamka, nikasema ni jua. Jumatano laini nzima imelala na majani bado ni kijani! Nikapiga dawa ya ukungu, nikarudia, nikaongeza maji nikidhani ni kiu kumbe maji ndiyo yanautembeza ugonjwa. Bwana shamba akakata shina akalitumbukiza kwa glasi ya maji safi, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka. Akasema ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa, ng'oa zote uchome. Tuling'oa na mama watoto bila kuongea. Mkopo nililipa na ng'ombe.

Nyar_Ahero: Pole sana ndugu. Huo uzi naujua.

Njoro_Juu: Hapo mbeleni ulikuwa umepanda nini?

Wa_Bahati: Viazi. Aliyeniuzia grinihausi hakuuliza.

Njoro_Juu: Basi si grinihausi. Viazi, nyanya, biringanya, hoho ni familia moja, ugonjwa ulikuwa kwa udongo unangoja.

Kijana_Kakamega: Mtu ameuza ng'ombe na wewe unamsomea! Muuzaji ndiye alifaa kuuliza.

Njoro_Juu: Namwambia ndio asirudie.

Min_Siaya: Mimi iliyoniinua ni ile vuta-sukuma ya ICIPE, wale watafiti wa wadudu kule Mbita: desmodiamu, majani ya mifugo ya jamii ya kunde, katikati ya mahindi, nepia pembeni. Kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ilikuwa imemaliza shamba. Saa hii navuna na ng'ombe anakula hiyo desmodiamu, ni mbegu yake tu iko juu.

Baba_Tabby: @Wa_Bahati mwaga chokaa urudie nyanya.

Nyar_Ahero: Chokaa pekee wapi! Jaza magunia udongo safi, tafuta miche iliyobebeshwa juu ya shina linalohimili huo ugonjwa, na mtu asiingie na viatu vya shamba lingine.

Wa_Bahati: Fremu bado imesimama. Nikiweka managu nisubiri udongo upone?

Njoro_Juu: Managu pia ni ukoo wa nyanya! Usiguse.

Wa_Bahati: Eh. Vitunguu?

Njoro_Juu: Vitunguu sawa. Ama sukuma.