Mashirika ya nje na sheria zetu za tumbaku: yanatutetea au yanatutungia?

Mwanzisha mada
Wakuu, kila ikifika Mei 31, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani, matamko yanamwagika. Kuna ATCA, muungano wa asasi za Afrika wenye makao Lomé, Togo, kuna muungano wa dunia, halafu asasi za hapa nyumbani. Kwetu Tanzania kilio ni kilekile: sheria yetu ni ya 2003, na mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku tuliuridhia 2007. Pakiti ya sigara hapa ina onyo la maneno. Kenya na Uganda wameweka picha za madhara.

Wapo wanaolalamika kwamba kazi hii inaendeshwa sana na pesa za Bloomberg, tajiri wa New York. Hilo halininyimi usingizi, kampuni za sigara nazo mtaji wao hautoki Tandale. Ninachohoji ni kwamba miungano hii inamjua vizuri mvutaji na waziri, lakini mkulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua, kule Tabora, haionekani kumjua. Karibuni.

Wakili wa Mwembe Tayari
Mwenzangu, nikupe ya huku Kenya. Kanuni za 2014 zilileta picha kwenye pakiti na mchango wa 2% ya thamani ya bidhaa uende kwenye mfuko wa kudhibiti tumbaku. Kampuni ya sigara ya BAT Kenya wakaenda kortini kuzipinga. Wakashindwa Mahakama Kuu 2016, wakashindwa Rufaa 2017, wakashindwa Mahakama ya Juu Novemba 2019. Wizara haikuwa peke yake, KETCA, muungano wa Kenya wa kudhibiti tumbaku, uliingia kwenye kesi hiyo. Sheria nzuri huuawa kwa kucheleweshwa, na kesi ya miaka minne haiendeshwi kwa harambee. Ndiyo maana Bloomberg na Gates walianzisha mfuko wa dola milioni 4 mwaka 2015, kusaidia nchi zinazoburutwa na kampuni kwenye kesi za kibiashara.

Sina Chama
Asante wakili, umethibitisha hofu yangu. Leo sigara, kesho soda, keshokutwa chumvi. Nani alimpigia kura Bloomberg? Mbunge akikosea tunamng'oa. Hawa ukitaka kuwang'oa unaanzia wapi?

Wakili wa Mwembe Tayari
Swali halali kabisa. Ila uliulize pande zote mbili. Mwaka 2017 Philip Morris International waliahidi karibu dola bilioni 1 kwa miaka 12 kwa taasisi ya kupigania "dunia isiyo na moshi". Muuza sigara huyohuyo! WHO ikakataa kushirikiana nayo. Hao nao uliwapigia kura?

Sina Chama
Sikuwapigia. Sasa kwa kuwa jirani kaiba, na mimi niibe?

Mlimaji Kaliua
Mnabishana pakiti, mimi naishi na jani lenyewe. Ukichuma asubuhi lina umande, sumu inapita kwenye ngozi, usiku kijana anatapika na kichwa kinamzunguka. Tulidhani malaria. Bani, banda la kukaushia jani, nalo linakula kuni mpaka pori limesogea mbali, siku hizi tunafuata kwa trekta la kukodi. Hakuna wa kunifundisha ubaya wa tumbaku.

Lakini sikilizeni. Mbolea napata kwa mkopo kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika, mnunuzi ananijua kabla sijaweka mbegu kitaluni, bei inatajwa kwa dola. Nililima alizeti, mnunuzi akaja na bei yake mfukoni na mizani yake kwenye pikipiki. Nikarudi kwenye tumbaku. Nikipewa semina narudi nyumbani na kofia na fulana, mkopo wa mbolea uko palepale.

Nyar Migori
Pole sana kaka. Huku kwetu Migori, Kenya, WHO, FAO (kilimo) na WFP (chakula), mashirika ya Umoja wa Mataifa, pamoja na serikali walikuja na mradi wa mashamba yasiyo na tumbaku. Maharage yenye madini ya chuma. Kilichowavuta watu si mbegu, ni kwamba mbegu ilikuja na mnunuzi: WFP. Hofu yetu ni moja tu, shirika likifunga ofisi nani atashika mizani?

Mwanzisha mada
Hapo ndipo nilipotaka tufike. Ibara ya 17 ya mkataba wenyewe inazitaka nchi zimsaidie mkulima apate njia nyingine ya kipato. Imo tangu mkataba uanze kutumika 2005. Picha kwenye pakiti haiigharimu serikali kitu, aliyebanwa ni kampuni. Kumhamisha mkulima kunataka bajeti, na ndiyo maana picha inapata mabango na ibara ya 17 inapata aya moja mwishoni mwa tamko.

Kama humu kuna mtu wa asasi hizi, aweke rasimu ya sheria mnayoitaka Dodoma iipitishe. Tuone vifungu vya mkulima ni vingapi, na vimetaja fungu gani la fedha.

Sina Chama
Na chini yake aandike nani kamlipa mwandishi.

Mlimaji Kaliua
Iwe kwa Kiswahili. Vitalu ni Septemba, baada ya hapo sina muda wa kusoma.