Mteja wa Johannesburg anadai cheti cha B-BBEE: Mtanzania mweusi anahesabika?

Korosho_Mbagala:
Wakuu, habari za jioni. Tunafungasha korosho Mbagala, sasa mteja wa Johannesburg hataki kusaini mpaka aone cheti cha B-BBEE (mpango wa Afrika Kusini wa kuwawezesha weusi kiuchumi; madaraja ni 1 hadi 8, la 1 ndilo la juu). Wanahisa wetu wote ni Watanzania weusi. Si tunaingia daraja la 1 moja kwa moja? Na tukifungua kampuni kule, mwenyeji tumpe hisa ngapi?

Rumada:
Mkuu, hapo kwenye "weusi" ndipo wengi wanapojikwaa. Sheria yao Na. 53 ya 2003 inasema mweusi ni Mwafrika, Chotara au Mhindi ambaye ni raia wa Afrika Kusini kwa kuzaliwa au kwa nasaba, au aliyeandikishwa uraia kabla ya 27 Aprili 1994 (au baadaye, kama angestahili kuupata kabla ya tarehe hiyo). Mtanzania hata awe mweusi tititi, kwenye kipengele cha umiliki ni sifuri. (Sheria yetu Tanzania ya uwezeshaji wananchi kiuchumi ya 2004 inataja wananchi tu, ndiyo maana tunachanganya.)

Mteja anahangaikia alama zake mwenyewe za B-BBEE. Akinunua kwa muuzaji wa daraja la 1, kila randi inahesabiwa 135%. Daraja la 4 ni 100%, daraja la 8 ni 10%, akinunua kwa asiye na daraja hahesabiwi kitu. Kampuni ya Dar isiyo na tawi kule haina cheti cha kutafuta. Mwambie amuulize mhakiki wake kama korosho zenu zinaweza kuondolewa kwenye hesabu kama bidhaa za kuagizwa. Yapo masharti ya hilo.

mama_forodha:
Naongezea kuhusu kufungua kampuni kule. Mauzo ya mwaka yasipozidi randi milioni 10, unapewa daraja la 4 hata kama wenye hisa wote ni wageni. Hakuna mhakiki wa kulipa: unajaza fomu ya kiapo, unaapa mbele ya kamishna wa viapo, inadumu miezi 12. Sasa angalia ile fomu. Kuna visanduku vya umiliki wa weusi: 100% ni daraja la 1, kuanzia 51% ni daraja la 2. Mtanzania anajiangalia kwenye kioo, anatia tiki. Hapo umeshatoa taarifa ya uongo, na ni kosa la jinai.

Korosho_Mbagala:
Asanteni sana. Na tukimtafuta mwenyeji asiye na mtaji, tukamkopesha hisa 25% alipe kwa gawio?

Rumada:
Inaruhusiwa, lakini ukiwa chini ya milioni 10 hiyo 25% haikuongezei daraja, inakupunguzia kampuni tu. Faida yake inaanza kuonekana mauzo yakikua. Yakivuka milioni 50 unapimwa kwa jedwali zima la alama za B-BBEE, na hapo deni ndilo linalouma.

Chukulia kampuni ina thamani ya milioni 40. Hisa 25% za mwenyeji zina thamani ya milioni 10, na mwaka wa 3 bado anadaiwa milioni 8.8. Kilicho chake hasa ni milioni 1.2, yaani 3% ya kampuni. Umiliki usio na deni unatakiwa ufikie 25% hatua kwa hatua: shabaha ya mwaka wa 3 na wa 4 ni 40% ya hiyo 25%, yaani 10%. Kwa hiyo 3 kwa 10, mara alama 8 za kipengele hicho, ni 2.4. Kiwango cha chini ni 3.2. Umeshindwa, unashushwa daraja zima hata kama kwingine umefanya vizuri. Chanzo huwa kilekile: gawio halitoki, riba inakula. Andikeni kwenye mkataba kiasi cha gawio kitakachokwenda kwenye deni kila mwaka.

mama_forodha:
Na huyo mwenyeji apige kura kweli, aone vitabu, gawio liingie kwenye akaunti yake. Mwanahisa wa jina tu ni kosa: kifungo hadi miaka 10, na kampuni faini hadi 10% ya mauzo ya mwaka. Mkiwa bado wadogo, bakini na daraja la 4 na kiapo cha kweli. Mteja anahesabiwa 100%, inamtosha.