MJADALA: Je, utenzi ni wa Waislamu peke yao?

Kila Mkristo anapotunga utenzi wa dini, hoja ileile huzuka: hiyo ni sanaa ya Waislamu wa pwani, ina adabu zake za kumhimidi Mungu na kumswalia Mtume, wewe umevaa kanzu ya jirani. Na kanisani nako wapo wanaosema nyimbo za vitabuni zinatutosha.

Mimi nawapinga wote wawili.

Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma na Mkatoliki, alitunga Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Sanaa ni ileile: kila ubeti una vipande vinne, mizani (yaani silabi) nane kila kipande, vitatu vya kwanza huishia kwa kina kilekile, cha nne kinabeba kina kimoja kinachopita utenzi mzima. Kina hicho ndicho kinachomshika msikilizaji katika habari ndefu, na Injili ni habari ndefu, tangu hori la Bethlehemu hadi kaburi tupu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, sheria zile za vina na mizani hazikumuuliza mtu anasali wapi.

Nyimbo za vitabuni nazipenda mno. Lakini nyingi, hata zilizomo katika Tenzi za Rohoni, ni tafsiri zilizobanwa ziingie katika tuni za Ulaya. Vina vimepotea njiani. Kwa nini sala zetu zikose utamu ambao lugha yenyewe inao?

Kasoro naiona kwingine. Tenzi zetu Wakristo nyingi husimulia tu. Mtunzi wa Al-Inkishafi, shairi la kale la Kiislamu, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, anaukemea moyo wake mwenyewe, anauonyesha majumba ya Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, yaliyokuwa na taa na karamu, sasa magofu wanamolala popo na ndege. Ukiyasoma unatetemeka, uwe wa dini yoyote. Sisi tuna Zaburi ya 51 yenye toba ya namna hiyo, tuna na ya 88, inayoishia gizani bila neno la faraja. Halafu mtunzi wetu anagusa dhambi ubeti mmoja, wa pili ameshafika kwenye haleluya! Mtu aliyefiwa na mwanawe atasali na beti hizo vipi?

Anayesema utenzi haufai kanisani anieleze ni kanuni gani ya vina au mizani inayoipinga Injili. Na mwenye beti za toba au za maombolezo alizotunga, aziweke hapa tuzisome.