Mrejesho: ile neti ya Petri iliyokuwa haiishi hali

Wakuu, nimerudi. Kwa waliosahau, niliuliza kuhusu modeli yangu ya neti ya Petri (mchoro wa maduara na mishale, ambamo alama ziitwazo tokeni zinahama kuonyesha hali ya mfumo) ya protokali ya tuma-usubiri, yaani mtumaji anatuma pakiti moja na kusubiri jibu kabla ya nyingine. Kila mtumaji akirudia pakiti tokeni zinazidi kujaa kwenye duara la chaneli na grafu ya hali (mchoro wa hali zote ambazo neti inaweza kufikia) haiishi.

Aliyesema niweke duara la kinyume (la kuonyesha kuwa chaneli iko wazi) lenye tokeni 1, ubarikiwe. Sasa chaneli inabeba pakiti 1 tu, ukijumlisha maduara hayo mawili unapata 1 muda wote, na grafu imekamilika. Ila mwanzoni neti ilikwama kabisa, nikakesha, kumbe ile transisheni (tukio linalohamisha tokeni) ya kupoteza pakiti sikuichorea mshale wa kurudisha tokeni kwenye duara la kinyume, uzembe wangu huo. Ushauri wa kuwekea pakiti biti 0 na 1 kwa kupokezana nao umekubali, mpokeaji hahesabu tena pakiti moja mara mbili.

Taimauti (muda wa kusubiri jibu ukiisha, mtumaji anarudia pakiti) ndo imenishinda. Neti ya kawaida haina saa, kwa hiyo taimauti inafyatuka hata jibu likiwa bado njiani, haiharibu kitu maana biti inakataa nakala, lakini kikomo cha muda siwezi kukithibitisha. Nimeanza kuihamishia kwenye neti yenye muda, bado inagoma. Asanteni sana wote.