Kushuka pwani ya Baja California na mbwa wawili: kipi hamkukitarajia?

Mwanasafari
Habari zenu wakuu. Mungu akipenda, mwezi wa pili mimi na mke wangu tutashuka kutoka Tijuana kwa barabara namba 1 ya Meksiko hadi Bahía de los Ángeles, halafu Guerrero Negro. Tunakwenda na mbwa wetu wawili. Simba ana miaka tisa na anachechemea mguu wa nyuma. Popi ana mwaka mmoja na ushee na hakuna asichokitia mdomoni. Tutalala kwenye hema ufukweni. Maji nimepanga lita kumi kwa siku kwa sote wanne. Joto nimeshalifikiria. Ninachotaka ni neno la aliyekwisha kupita huko na mbwa: kipi kilikukuta ambacho hukukitarajia?

Baba Bosi
Ndugu yangu, njia hiyo nimeipita mara nne, tatu nikiwa na mbwa. Naanzia kwa Popi, maana ulivyomweleza ndiko kumenifanya nijibu.

Ufukweni kule kuna bunju, samaki mwenye sumu. Wavuvi wa huko wanamwita botete. Akinaswa hutupwa, maji yanamleta ukingoni, anakaukia juani katikati ya mwani. Ukimwokota ni mwepesi, ngozi imekakamaa kama soli ya kiatu, na ana harufu ambayo mbwa hapiti bila kusimama. Sumu yake haiishi kwa kukauka, na dawa ya kuitengua haipo.

Mbwa wangu Bosi alimtafuna mmoja asubuhi, chai ikiwa bado jikoni. Nilimpanua mdomo nikatoa kipande cha mkia, nikadhani nimemuwahi. Haikupita muda mrefu akatapika. Kisha miguu ya nyuma ikamlegea, akakaa chini kama mbwa aliyechoka, na mwisho akawa ananitazama tu, kichwa hakiinuki. Kutoka pale Bahía de los Ángeles hadi njia panda ya barabara kuu ni kama kilomita 65, jangwa kushoto na kulia. Alikata roho kabla hatujaifikia. Mke wangu alikuwa amempakata kiti cha nyuma, na alipoacha kupumua hakuniambia mara moja, alingoja nisimamishe gari.

Kwa hiyo Popi asifunguliwe kamba ufukweni, hata dakika moja. Kila asubuhi, kabla mbwa hawajashuka garini, pita peke yako kwenye ule mstari wa mwani maji yalipoishia, ukiwa na mfuko na fimbo, uokote kila samaki unayemwona. Rudia jioni maji yakishakupwa. Amri ya "acha" anza kumfundisha leo, una muda. Na akimtafuna, usingoje dalili, washa gari. Kinachoua ni pumzi kukatika, na daktari wa mifugo mwenye vifaa anaweza kumsaidia mbwa kupumua mpaka sumu impungue. Tafuta kabla hujaondoka daktari gani yuko wapi kila kituo, uandike kwenye karatasi, kwa sababu sehemu nyingi huko simu haishiki.

Mengine yana nafuu. Kuna dungusi linaitwa cholla, vipande vyake vinang'oka kwa kuguswa tu na kunasa mguuni. Miiba yake ina ncha za kurudi nyuma kama ndoana, kwa hiyo usivute kwa vidole. Chomeka chanuo la meno mapana kati ya kipande na ngozi, kirushe mbali nawe, iliyobaki ing'oe kwa plaizi. Mshike mbwa kichwa wakati huo, maana atataka kuitoa kwa meno na itahamia ulimini.

Mafuta jaza El Rosario. Baada ya hapo ni zaidi ya kilomita 300 bila sheli ya kutegemea. Pale Cataviña watu huuza mafuta ya madumu kando ya barabara, lakini usipange safari kwa kuwahesabu wao. Usiendeshe usiku, ng'ombe wanasimama barabarani na pembeni hakuna pa kukwepea. Maji ongeza, panga lita ishirini kwa siku.

Mama Kuku
Pole sana Baba Bosi. Mimi naongezea la karatasi. Kama mtarudi Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2024 kila mbwa anayeingia lazima awe amefikisha miezi sita, awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, na uwe na risiti ya fomu ya CDC (idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa) inayojazwa mtandaoni. Jazeni kabla ya kuondoka, msije kuhangaikia intaneti mpakani. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiwe karibu na mkono. Na angalieni masharti upya wiki ya kuondoka, hubadilika.

Mwanasafari
Baba Bosi, pole sana kaka. Nimemsomea mke wangu, tumenunua kamba mpya mbili leo hii. Simba je, mwili wake utahimili?

Baba Bosi
Atahimili. Mwezi wa pili joto si tatizo kubwa, wasiwasi wangu kwake ni mchanga na upepo. Mchanga laini unamchosha mbwa mwenye nyonga mbovu, kwa hiyo mtembeze pale palipolowa na kushikana. Asinywe maji ya bahari, atahara usiku kucha. Mpe maji yako kila mara, hata asipoomba. Na Bahía de los Ángeles kuna upepo unaoshuka milimani usiku, uliwahi kuning'olea vigingi vya hema saa nane. Simba msimlaze nje. Mtandikie blanketi ndani ya gari, na gari liegesheni kati ya milima na hema.